Sanamu bapa za bati mbele ya mandhari ya Forodhani: mbona zinaonekana kama stika?

#1 Kisima_Malindi

Assalaam alaykum wanajukwaa.

Mtoto wa ami yangu anaishi Nuremberg, Ujerumani. Akija likizo wenzangu wanasubiri chokoleti, mimi ananiletea sanamu za bati. Si zile nene za kuzungusha mkononi. Hizi ni bapa: mtu aliyesimama ana urefu wa milimita 30 na unene wa milimita moja hivi, kapigwa nakshi mbele na nyuma, na yuko juu ya kitako chembamba. Zinakuja tupu, rangi unapaka mwenyewe.

Nimetengeneza sanduku la plaiwudi lenye kioo mbele. Tukio ni asubuhi ya tarehe 27 Agosti 1896: watu wa Sayyid Khalid, aliyejitangaza Sultani wa Zanzibar, wako ufukweni mbele ya majumba, wanangoja manowari za Kiingereza zipige. Nyuma nimechora mandhari kwa rangi za mafuta, jumba la Beit al-Ajaib na majumba jirani, mbingu, bendera nyekundu. Mandhari peke yake nzuri. Sanamu peke yake nzuri, hata mke wangu kasifu, na yeye si mwepesi wa kusifu. Nikiziweka pamoja tu, zinakuwa stika zilizobandikwa kwenye kalenda.

Tatizo nini? Taa? Rangi? Au macho yangu? Picha nimeiweka hapo chini.

#2 Popobawa_Mstaafu

Kalenda ya mwaka gani? Kama ina sikukuu zote mimi nachukua.

#3 Bi_Mkunazini

Wa alaykum salaam. Nimeikuza picha yako. Hebu niambie, jua la mandhari yako liko wapi? Ukuta wa Beit al-Ajaib umeupaka rangi ya dhahabu, jua linaupiga usoni. Hiyo ni jioni. Uso wa jumba lile unatazama bahari, upande wa kaskazini-magharibi, jua haliufikii sawasawa mpaka alasiri. Na mizinga ilianza saa tatu na dakika mbili asubuhi. Saa hiyo, kwa mtu anayetazama kutoka baharini, jua liko kushoto na limerudi nyuma kidogo ya mji. Uso wote wa jumba uko kivulini, mbingu ndiyo inayong'aa.

Sasa watazame watu wako. Umewapa mwanga kutoka juu kulia. Halafu taa ya sanduku inatoka mbele katikati. Majua matatu katika sanduku moja. Mtazamaji hatoweza kukwambia kosa liko wapi, lakini jicho lake linakataa.

Sanamu ya duara ukiiweka dirishani, mwanga wenyewe unakufanyia nusu ya kazi. Bapa haina msaada huo. Kivuli cha kidevu shingoni, cha mkono kifuani, cha bunduki juu ya kanzu, vyote unavipaka wewe. Kwa hiyo jua linaamuliwa kabla brashi haijachovywa, na mandhari inafuata jua hilohilo.

#4 Fundi_Mvule

Bi Mkunazini kasema kweli, ila mimi naanza pengine. Jua utalirekebisha na bado stika zitabaki, kwa sababu macho ya mandhari na macho ya sanamu hayako kimo kimoja.

Simama ufukweni pale tambarare, watu wamesimama mbele yako, wengine karibu wengine mbali. Kama kimo chako na chao ni sawa, vichwa vyao vyote vinagusa mstari mmoja, nao ndio upeo wa macho. Miguu ndiyo inayopanda na kushuka. Sasa wewe Kisima umechora majumba kama mtu aliyekwea mlingoti: naona sakafu za baraza kwa juu, naona mapaa. Lakini sanamu zimepangwa mbele ya macho ya mtu aliyesimama chini. Watazamaji wawili, mmoja mlingotini mmoja mchangani. Haziwezi kukaa pamoja.

Dawa ni mbili. Ama uchore upya, baraza zilizo juu ya macho zionekane kwa chini. Ama ushushe sanduku, mtu alitazame kwa juu, na sakafu yake uiinulie nyuma.

#5 Kisima_Malindi

Ahsanteni. Picha niliyoinakili ni ya jioni, ndiyo, na imepigwa kutoka juu ya meli. Lakini nina swali. Masanduku ya Wajerumani ambayo binamu amenitumia picha zake, mandhari nyingi hazina jua la upande wowote. Ni mbingu ya mawingu tu na milima ya buluu. Sanamu zina mwanga wa upande mmoja, wazi kabisa. Na hazionekani stika. Sasa hapo?

#6 Mjukuu_wa_Nahodha

Hapo nadhani naweza kusaidia. Nilisoma Bayreuth, jimbo la Bavaria hukohuko Ujerumani, na mji wa Kulmbach hauko mbali. Kuna ngome juu ya kilima inaitwa Plassenburg, ndani yake kuna makumbusho ya sanamu za bati tu. Lipo tukio la kuchomwa moto mji wa Kulmbach mwaka 1553, lina maelfu ya sanamu. Nilitazama mpaka wenzangu wakaniacha.

Nilichokiona: hakuna mahali unapoweza kusema hapa ardhi imekwisha na hapa mchoro umeanza. Ukuta wa nyuma umepindwa, hauna kona. Ardhi inapanda taratibu mpaka inaingia kwenye mchoro. Sanamu za mbele kubwa, za nyuma ndogo, na za mwisho kabisa zimechorwa tu ukutani. Na rangi zinafifia kadiri unavyokwenda nyuma, zinachanganywa na buluu na kijivu. Bendera nyekundu iliyo mbali haiwi nyekundu kama ya mbele. Ya kwako, Kisima, bendera ya juu ya jumba ni nyekundu kuliko kilemba cha mtu aliye mbele.

Kwa faida ya wengine: hizi sanamu ni za zamani. Familia ya Hilpert ilizitengeneza Nuremberg tangu karne ya 18, zikiwa vitu vya watoto. Ernst Heinrichsen akafungua karakana yake mjini humo mwaka 1839, na kipimo chake ndicho kilichokuja kufuatwa na wengine, ndiyo maana leo sanamu ya fundi huyu inasimama sawa na ya fundi yule. Kalibu zilichongwa kwenye jiwe la kibao, lile walilokuwa wakiandikia watoto shuleni. Na ziliuzwa kwa uzito, kwenye vijisanduku vya mbao nyembamba.

#7 Bi_Mkunazini

Mjukuu, kwenye kupinda ukuta na kupandisha ardhi tuko pamoja. Kwenye kijivu nakataa. Hewa ya Bavaria ina ukungu, ya huku siyo hiyo. Nenda Forodhani asubuhi baada ya mvua, tazama Changuu. Kisiwa kiko kilomita kadhaa na unakiona kijani chake. Sasa Kisima atie kijivu jengo lililo hatua chache nyuma ya watu? Atakuwa amechora Hamburg yenye minazi.

#8 Mjukuu_wa_Nahodha

Sikusema Hamburg, Bibi 😂. Lakini ndani ya sanduku, umbali halisi ni sentimita ishirini. Usipoidanganya hewa, jicho litajua ni sentimita ishirini. Kinachotakiwa si hewa ya kweli, ni hewa inayoaminika.

#9 Rangi_ya_Mbao

Wakuu mnamtesa Kisima bure. Mimi nauza michoro kwa watalii, na naona mnaomba sanamu bapa ijifanye duara, na ukuta bapa ujifanye maili tano. Kwani kuna lazima gani?

Tazameni Tingatinga. Tangu mzee Edward Saidi Tingatinga alipoanza Dar es Salaam 1968, twiga yuko mbele, mlima uko nyuma, hakuna aliyefifisha kitu. Rangi ya nyumba inayong'aa juu ya hadibodi, mstari safi pembeni, basi. Na hakuna anayesema twiga ni stika, kwa sababu kila kitu pale ni bapa. Stika inaonekana stika pale inapobandikwa kwenye kitu kinachodai kuwa cha kweli.

Kwa hiyo Kisima, badala ya kuipandisha sanamu ifike kwenye mandhari, ishushe mandhari ifike kwenye sanamu. Mbingu rangi moja. Jumba rangi mbili. Zungushia mistari. Watu watakaa.

#10 Fundi_Mvule

Hili la Rangi_ya_Mbao lina akili, lakini akilifuata atakuwa ametengeneza kitu kingine. Yeye anataka asubuhi ile, hataki pambo la hoteli.

#11 Rangi_ya_Mbao

Pambo la hoteli limesomesha watoto wangu, fundi.

#12 Msomi_wa_Kiponda

Mnazungumza mwanga na upeo, na hakuna aliyeona kosa kubwa lililo katikati ya mchoro? Mnara wa saa!

Mnara ule tunaoujua mbele ya Beit al-Ajaib haukuwepo siku ile. Jumba lilijengwa 1883 wakati wa Sayyid Barghash, na mbele yake, mbali na jumba, kulikuwa na mnara wa taa uliosimama peke yake. Mizinga ya 1896 iliuharibu, na matengenezo yalipofanywa baadaye ndipo mnara mpya ukaunganishwa na jengo. Kwa hiyo Kisima kawaweka watu wa Sayyid Khalid mbele ya mnara uliojengwa kwa sababu ya vita ambavyo bado hawajapigana.

Pili, jumba la Beit al-Hukm liko wapi? Lilikuwa baina ya Beit al-Ajaib na jumba jingine, Beit al-Sahel, na lenyewe halikujengwa tena. Wewe umeweka bustani na miti. Bustani ni ya baadaye.

Picha za zamani zipo. Studio ya A. C. Gomes ilipiga picha nyingi za mji katika karne ya 19, na nakala zake zinaonekana vitabuni na kwenye kadi za posta. Tafuta zilizopigwa kabla ya 1896, usichukue kadi yoyote tu.

#13 Popobawa_Mstaafu

Kumbe si stika, ni wasafiri wa wakati. Sasa naelewa kwa nini hawakai.

#14 Pwani_Mchangani

Nimeshangaa mtu anatumia miezi kuchora vita vya dakika 38. Kupaka kilemba kimoja kunachukua muda zaidi.

#15 Msomi_wa_Kiponda

Wengine wanaandika 38, wengine 40, wengine 45, inategemea unahesabu mpaka mzinga wa mwisho au mpaka bendera ilipoanguka. Lakini tusicheke sana. Katika muda huo watu kama 500 wa upande wa Sultani waliuawa au kujeruhiwa, na wengi hawakuwa askari. Walikuwa watumishi, watumwa na raia waliokwenda kulinda jumba, na majumba yale yalikuwa na mbao nyingi, yakashika moto. Upande wa Waingereza alijeruhiwa vibaya baharia mmoja. Kisima, ukipanga watu wako, usiwape wote bunduki na kanzu nyeupe za Idi.

#16 Wa_Vitongoji

Mie nipo Pemba, nimesoma yote. Mbona hakuna aliyejibu lile swali lake la macho? Aliuliza "au macho yangu".

Kisima, funga jicho moja, tazama sanduku. Kama stika zimepungua, basi tatizo si rangi wala jua. Macho mawili kwa karibu yanapima umbali, yanaona kabisa kuwa yule mtu ni bati la milimita moja na nyuma yake kuna uwazi kisha ubao. Jicho moja halipimi vile. Ndiyo maana picha ya simu ya kitu hichohicho inapendeza kuliko kitu chenyewe. Simu ina jicho moja.

Dawa: mweke mtazamaji mbali. Au funika kioo, acha dirisha dogo tu la kuchungulia.

#17 Bi_Mkunazini

Wa_Vitongoji, picha aliyoweka ni ya simu. Na bado ni stika.

#18 Wa_Vitongoji

Basi ingekuwa mbaya zaidi kwa macho mawili 😄

#19 Mama_Nassra

Samahani naingilia. Nina sanamu kama hizo, marehemu baba alipewa na mzungu aliyefanya naye kazi. Zilikaa miaka katika kabati. Sasa zimeota unga mweupe, zile za chini ndizo mbaya zaidi. Nifanyeje?

#20 Kijana_wa_Kemia

Pole mama. Hiyo ni tauni ya bati. Bati linageuka unga lenyewe, na linaambukiza jingine. Zitenge haraka.

#21 Mjukuu_wa_Nahodha

Kijana, tauni ya bati inahitaji baridi chini ya nyuzi 13, tena kwa muda mrefu. Kabati la Mama Nassra liko Unguja, si Urusi. Hata Julai na kusi lake hatufiki huko.

Sanamu hizi si bati tupu. Zina bati, risasi na antimoni kidogo, na za bei nafuu zilitiwa risasi nyingi. Unga mweupe mara nyingi ni risasi inayoliwa na mvuke wa tindikali, ukisaidiwa na unyevu.

#22 Fundi_Mvule

Na mvuke unatoka kwenye kabati lenyewe. Mbao zinatoa tindikali, nyingine zaidi ya nyingine, na mbao mbichi kuliko kavu. Plaiwudi mpya na gundi zake nayo imo. Silikoni ya kubandikia vioo, ile inayonuka siki, ndiyo adui hasa. Kisima, kioo chako umekibandika na nini?

Mama Nassra, usizisugue kavu. Unga ule ni sumu ukivutwa. Vaa glavu, zitoe, ziweke kwenye chombo cha plastiki au cha kioo pamoja na vile vipakiti vya kukaushia vinavyokuja ndani ya viatu. Zilizoharibika sana mwache mjuzi azishike.

#23 Bi_Mkunazini

Na bahari tusiisahau. Hewa ya chumvi inaingia kila mahali. Mimi naona chumvi ina mkono kuliko mbao. Nyumbani kwetu hata bawaba za shaba zinageuka kijani.

#24 Fundi_Mvule

Chumvi ingekula zilizo rafu ya juu vilevile. Yeye kasema za chini ndizo mbaya.

#25 Kijana_wa_Kemia

Chini ndiko kunakokaa unyevu, kwa hiyo nyote wawili mnaweza kuwa sawa. Ila kwa wote wanaopaka: osheni mikono kabla ya kula, na brashi msiichonge kwa midomo.

#26 Abu_Swafiya

Ndugu zangu, kwa nia njema tu. Masanamu ndani ya nyumba, mmelifikiria suala hili kidini?

#27 Kisima_Malindi

Jazakallah khayr sheikh. Nimeuliza, nikajibiwa kwa namna zaidi ya moja. Mama yangu naye ana fatwa yake: akiingia chumbani kusali analigeuza sanduku litazame ukuta, akimaliza analirudisha. Hatujawahi kugombana.

#28 Popobawa_Mstaafu

Hapo ndipo mandhari inapopendeza kuliko yote.

#29 Msimamizi

Mjadala wa hukumu upelekwe jukwaa la dini tafadhali, wapo wenye elimu yake. Hapa tuendelee na rangi.

#30 Sonara_Mstaafu

Nimeufuata uzi huu kimya. Mnasema sanamu lazima zitoke Ujerumani. Kwa nini? Sisi masonara tunajua kumwaga madini kwenye gamba la dome. Lile jeupe linalookotwa ufukweni. Unalikata mapande mawili, unalisawazisha kwa msasa, unachonga umbo kwa ncha ya msumari, unaacha njia ya kumiminia na njia ndogo za hewa, unafunga kwa waya. Kama linashika fedha, bati litakuwa mchezo. Bati tupu linayeyuka kwenye nyuzi 232, na ile risasi ya kulehemia ya mafundi redio, mchanganyiko wa 63 kwa 37, inayeyuka kwenye 183.

Hasara yake: gamba linaungua, kalibu moja inatoa sanamu moja, na mistari yake ya asili inabaki kwenye madini. Jiwe la kibao linatoa mamia. Lakini unapata mtu mwenye kilemba cha kwetu na jambia mahali pake, si Mturuki wa Nuremberg aliyebandikwa jina la Mzanzibari. Fanyeni nje penye hewa, na gamba liwe kavu kabisa, maji yakikutana na madini ya moto yanaruka usoni.

#31 Kisima_Malindi

Mzee, hili limenipa usingizi mbaya. Nikuulize: mistari ya gamba, ukiipaka rangi haijifichi?

#32 Sonara_Mstaafu

Inajificha kwenye kanzu. Usoni haijifichi. Uso uchonge upya kwa ncha baada ya kumwaga.

#33 Wa_Vitongoji

Maadam tunachonga vyetu, kwa nini kila kitu kiwe Forodhani? Mtu bapa anapendeza akitazamwa ubavu. Mchezo wa ng'ombe wa Pemba wote ni ubavu: ng'ombe kainama, kijana na nguo yake, kamba imevutika, watu pembeni. Mandhari ni mikarafuu tu, haina baraza wala mnara wa kubishania. Na mikarafuu yetu ina historia: kimbunga cha 1872 kiliiangusha ya Unguja, ya Pemba ikabaki.

#34 Pwani_Mchangani

Nilijua tu, mada yoyote Mpemba ataifikisha kwenye karafuu.

#35 Wa_Vitongoji

Na Muunguja ataifikisha kwenye Forodhani, kisha kwenye urojo.

#36 Nahodha_wa_Mkokotoni

Nimechelewa. Kisima, mimi ningekushauri uligeuze tukio zima. Usitazame jumba kutoka baharini. Simama barazani mwa jumba, tazama baharini. Saa tatu asubuhi jua litakuwa nyuma yako na upande wa kulia. Manowari zote zinapigwa na mwanga, bahari inakuwa kijani, na watu wako ufukweni unawaona kwa mgongo. Hao umewapaka mwanga wa kulia, basi watakubali. Upeo nao unaupata bure, ni mstari wa bahari, vichwa uviweke hapo kama alivyosema fundi kwenye #4.

Chora meli ya Sultani, Glasgow, imetia nanga katikati. Ndiyo iliyozama siku ile, milingoti ikabaki juu ya maji mpaka ilipokuja kuvunjwa 1912. Manowari za Kiingereza ni tano: St George, Philomel, Racoon, Thrush na Sparrow.

Na upepo. Agosti ni kusi. Moshi uende baharini, mbali na mtazamaji. Kwenye mchoro wako wa sasa bendera imenyooka kulia, upepo huo hauko mwezi huo. Kwa mtu aliye baharini bendera ingemjia usoni na kupinda kushoto.

#37 Msomi_wa_Kiponda

Ahsante Nahodha. Na majahazi ya Uarabuni yasijae bandarini. Yanakuja na kaskazi, yanarudi na kusi, mwisho wa Agosti mengi yangekuwa yameshaondoka. Weka mashua na madau ya hapahapa.

#38 Bi_Mkunazini

Wazo la Nahodha zuri kwa jua, lakini anaua sanamu. Bapa zimechongwa zionekane uso au ubavu. Ukizigeuza mgongo unabaki na vilemba na visigino. Mtu kakesha kupaka ndevu, sasa azifiche? Na uzito wa tukio uko kwenye nyuso zao, wanaliona linalokuja.

#39 Nahodha_wa_Mkokotoni

Binti yangu, mgongo wa mtu anayeikabili manowari unatosha.

#40 Rangi_ya_Mbao

Hapo mzee kanigusa. Bado nasema mbingu iwe rangi moja.

#41 Kisima_Malindi

Nimejaribu baadhi ya mliyosema. Taa ya katikati nimeitoa, nimeweka utepe wa LED juu kushoto ndani ya fremu, na mandhari nimeisogeza nyuma kivuli cha sanamu kisiiguse. Afadhali, lakini si sana. Jicho moja: afadhali sana kwangu, mke wangu haoni tofauti. Kipande kimoja cha mbingu nimekififisha alivyosema Mjukuu, kingine nimekipaka rangi moja alivyosema Rangi_ya_Mbao. Ajabu, sanamu zinakaa kwenye vyote viwili na zinakataa katikati vinapokutana.

Kilichosaidia kuliko vyote hakuna aliyekitaja. Nimepaka kivuli chini, mchangani, kuanzia kitako cha kila sanamu, vyote upande mmoja. Na kitako chenyewe nimekizika kwa mchanga na gundi. Mtu akiwa na kivuli miguuni anasimama.

#42 Fundi_Mvule

Kwa sababu sasa yuko ardhini. Ni hoja yangu ya #4 ileile.

#43 Bi_Mkunazini

Kwa sababu sasa wana jua moja. Ni hoja yangu ya #3.

#44 Popobawa_Mstaafu

Kwa sababu mlikuwa mnabishana, akapata muda wa kufanya kazi.

#45 Kisima_Malindi

😂 Mnara nitaufuta wikiendi hii, Beit al-Hukm nitaichora, bendera naipindua. Sijaamua kati ya uso na mgongo. Watu niliokwisha kuwapaka mwanga wa kulia ni wengi, kuwapaka upya naona uvivu.

#46 Wa_Vitongoji

Usiwapake upya. Niuzie hao. Nina ubao nimeuchora bandari ya Wete, jioni, jua kulia, na sina mtu hata mmoja wa kuweka pale. Vilemba nitawabadilishia mwenyewe.

#47 Pwani_Mchangani

Na karafuu ataongeza.

#48 Wa_Vitongoji

Magunia matatu, gatini. Nshayapaka.